Siku Mradi wa Maji Ulipozinduliwa Mara Mbili

Kwanza niwatoe hofu wanaodhani niliacha uandishi kwa sababu ya tamaa. Ilikuwa njaa. Mwandishi wa kujitegemea wa mkoani hulipwa kwa habari iliyotoka gazetini, si kwa habari aliyoituma, na katikati hapo amekaa mhariri wa Dar es Salaam ambaye hajawahi kuona sababu ya wilaya yenu kuwepo. Ilipotangazwa nafasi ya Afisa Habari wa halmashauri nikaomba, nikafanya usaili, nikaitwa. Mke wangu aliisoma barua ya ajira mpaka kwenye kifungu cha bima ya afya, akaikunja, akaifungia kabatini pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Wenzangu wa kalamu hawakufurahi kiasi hicho. Mmoja aliniaga kwa kunisimulia safari ya Mzee Mkapa: mwaka 1966 mhariri wa The Nationalist, 1972 yuko Daily News, 1974 mwandishi wa habari wa Mwalimu Nyerere, 1977 Waziri wa Mambo ya Nje, 1995 Rais wa nchi. "Na wewe ndiyo umeanza hivyo, kaka," akasema. "Ikulu tukutegemee lini?" Wote wakacheka. Nikacheka pia, ingawa usiku ule nilipiga hesabu ya umri wangu.

Kazi yenyewe ilinigeuza kichwa chini. Gazetini nilifundishwa kwamba jambo kubwa hukaa juu: nani kafanya nini, wapi, lini. Mengine hufuata kadiri uzito unavyopungua, ili mhariri akikosa nafasi akate kuanzia chini na habari isife. Serikalini jambo kubwa hukaa mwisho, na kabla ya kulifikia lazima umpitie kila kiongozi umsalimie. Taarifa yangu ya kwanza, ya chanjo ya mifugo, ilirudi kutoka kwa mkurugenzi ina wino mwekundu: "Umeanza na ng'ombe. Mkuu wa Wilaya yuko wapi?" Mkuu wa Wilaya alikuwa aya ya nne, kamshika ng'ombe pembe. Nikampandisha, ng'ombe akashuka. Picha nayo ikarudi, maana Mwenyekiti wa Halmashauri alikuwa ameonekana mguu tu, na mguu hauna wadhifa.

Nikajifunza. Nikajua kuandika dokezo sabili, yaani ujumbe wa ndani ya ofisi, la kuomba mafuta ya gari. Nikajua kurejesha masurufu, yaani kutolea hesabu fedha nilizotangulizwa kwa kazi. Nikajua kwamba jalada lililopotelea masijala, chumba cha kutunzia majalada, halijapotea, liko masijala.

Ndipo ukafika uzinduzi wa mradi wa maji, katika kijiji ambacho jina lake nitalihifadhi. Mgeni rasmi alikuwa Mkuu wa Mkoa. Sasa, kwa asiyejua, hotuba ya mgeni rasmi haiandikwi na mgeni rasmi. Huandikiwa na wenyeji wake, yaani sisi tunaamua namna atakavyotupongeza. Niliandika kurasa tano za pongezi tulizostahili.

Asubuhi ya siku yenyewe, tukiwa tunafunga maturubai, ikaja simu: Mkuu wa Mkoa ana ugeni mwingine mchana, hotuba ibaki kurasa nne. Nikamfuata mkurugenzi kumuuliza nikate wapi.

"Salamu usiguse."

Salamu zilikuwa ukurasa mzima. Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Katibu Tawala, Mwenyekiti wa Halmashauri, waheshimiwa madiwani, Kamati ya Usalama, viongozi wa chama, viongozi wa dini, wazee maarufu, mpaka chini kabisa kwenye "itifaki imezingatiwa", maneno ambayo husemwa baada ya kila mtu kutajwa.

"Pongezi?"

"Usiguse."

"Gharama za mradi?"

"Hizo ndizo fedha zenyewe! Usiguse."

Mwenye macho anisaidie: palibaki wapi? Nikaondoa ukurasa wa mwisho, kama mhariri yeyote duniani, nikachapa upya kwa katibu muhtasi wa shule ya sekondari ya jirani. Mpaka leo nasema nilikata pale pekee paliporuhusiwa.

Sherehe ikaenda vizuri mno. Dua zikasomwa, kwaya ya shule ikaimba ubeti mmoja zaidi ya ilivyopangwa. Kwenye kilula, yaani bomba la kijiji la kuchotea maji, akina mama walikuwa wamepanga ndoo tangu alfajiri, mstari umepinda mpaka nyuma ya ofisi ya kijiji. Utepe ulikuwa umefungwa, mkasi uko juu ya sinia, sinia limeshikwa na binti aliyeambiwa asitabasamu kabla ya wakati. Fundi alichuchumaa kwenye vali na amri moja kichwani: akisikia "natamka", afungulie. Kikundi cha ngoma nacho kilipewa neno hilohilo.

Mkuu wa Mkoa akasoma. Salamu, pongezi, gharama, urefu wa bomba. Akawaasa wananchi wasilime wala kuchunga ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji, kama Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inavyotaka, na wenye mbuzi akawatazama kwa namna ya pekee. Kisha akageuza ukurasa. Hakukuta kitu. Akaugeuza nyuma, kweupe. Mtu mzoefu yule, hakutetereka. "Ahsanteni kwa kunisikiliza," akasema, akaketi.

Makofi yakapigwa, yakachoka, yakaisha. Fundi bado kachuchumaa. Wapiga ngoma wamenyanyua mikono hewani. Afisa utamaduni, ambaye ndiye aliyekuwa mshereheshaji, akaitazama ratiba, akamtazama mkurugenzi, mkurugenzi akanitazama mimi. Hapo ndipo nilipokumbuka kilichokuwa kwenye ukurasa wa tano.

Mzee mmoja akasimama na mkongojo wake. "Samahani viongozi. Sasa tunachota au hatuchoti?"

Lilikuwa swali zuri, tena fupi. Lakini nani amwambie Mkuu wa Mkoa ainuke tena? Nikaandika haraka nyuma ya ratiba, kwa herufi kubwa: NATAMKA RASMI KWAMBA MRADI HUU UMEZINDULIWA. Nikampa mkurugenzi. Mkurugenzi haruki ngazi. Akampa Mwenyekiti wa Halmashauri aliyekaa kulia kwake, ili ampe Mkuu wa Wilaya, ili ampe mwenyewe. Mshereheshaji alipoona karatasi imetua mikononi mwa Mwenyekiti na ukimya umezidi, akadhani ni neno la shukrani. "Karibu Mheshimiwa Mwenyekiti!" Akamkabidhi kipaza sauti.

Mheshimiwa wetu ni mwanasiasa. Hajawahi kukataa kipaza sauti. Akasimama, akavaa miwani, akasoma alichonacho mkononi, kwa sauti ya kampeni.

Fundi akafungulia. Ngoma zikalia. Vigelegele vikapasua anga, akina mama wakapita chini ya utepe na ndoo zao, maji yakawarukia wapiga picha, na kwaya, bila kuombwa, ikaingia na ule wimbo mwingine. Kwenye meza kuu hakuna aliyepumua. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa amesimama na karatasi, taratibu akianza kuelewa alichokifanya.

Mkuu wa Mkoa akainama upande wa Mkuu wa Wilaya. "Sasa mimi," akauliza kwa upole, "nimekuja kufanya nini?"

Ikaamuliwa turudie. Fundi akafunga. Mshereheshaji akawaomba akina mama warudi kwenye mstari, na ikiwezekana wamwage walichokwisha kuchota ili picha za uzinduzi zipendeze. Wengi walijifanya hawasikii Kiswahili. Mama mmoja alisikia vizuri. "Nimwage? Mwanangu, haya maji nimeyasubiri tangu mwali." Akajitwika ndoo, akasimama mbele kabisa, hakubanduka. Ukiziangalia picha rasmi za halmashauri utamwona: Mkuu wa Mkoa ameshika mkasi, utepe bado mzima, maji hayajafunguliwa, na nyuma yake mama mwenye ndoo imejaa pomoni, anatiririka mpaka mabegani.

Uzinduzi wa pili ulikwenda kwa utulivu. Binti wa sinia alisahau kutabasamu.

Simu yangu ikaita. Alikuwa yule yule wa safari ya Mzee Mkapa. "Msemaji wa halmashauri, pole na majukumu. Naomba ufafanuzi kidogo: mradi umezinduliwa na nani?"

Nikajikuta nasema maneno ambayo kwa miaka yote niliwachukia maofisa kwa kuyasema. "Niko kwenye kikao. Nitafute baadaye."

"Kikao na nani? Nipo hapa chini ya mwembe, nakuona umesimama na mbuzi."

Habari ikatoka kesho yake. Jambo lote lilikuwa kwenye sentensi ya kwanza, maneno machache, hakuna salamu. Niliisoma kwa wivu. Mhariri wa Dar es Salaam, aliyekuwa akinikatia zangu zote, hakugusa hata nukta.

Jumatatu nikakuta barua mezani, ina kumbukumbu namba na mhuri wa SIRI. Rejea kichwa cha habari hapo juu, unatakiwa ujieleze ndani ya siku tatu kwa nini usichukuliwe hatua. Nikakaa nikaandika kama mtumishi aliyeiva. Ukurasa wa kwanza salamu. Wa pili pongezi kwa mkurugenzi kwa maendeleo yaliyopatikana chini ya uongozi wake. Wa tatu gharama za mradi na urefu wa bomba. Wa nne, aya ya mwisho kabisa, nikaeleza kilichotokea na nani aliniambia nisiguse nini.

Ikarudi na wino mwekundu: "Ndefu mno. Ibaki kurasa tatu."

Nikaifupisha. Salamu sikugusa.

Jibu lilifika Alhamisi: maelezo yako yamepokelewa na yameridhisha.