Mahame ya Yorkshire na mahame ya kwetu

Huku Uingereza ninakoishi kuna mahame yanayoitwa Wharram Percy, kwenye vilima vya Yorkshire. Mgeni ataona kanisa la mawe lisilo na paa, mnara wake umeanguka nusu, na malisho tu. Lakini jua likiinama, vivuli vinafichua matuta yaliyofunikwa na majani: huu ulikuwa ukuta wa nyumba, ile njia ya kijiji, pale ua wa mtu.

Tauni ya 1348 na 1349 iliua wengi Uingereza nzima, ila kijiji hiki kiliendelea. Kilichokimaliza ni kondoo. Sufu ilikuwa na bei, mwenye ardhi akaona malisho yanamlipa kuliko wakulima, na kufikia karibu mwaka 1500 familia za mwisho zilikuwa zimefukuzwa. Haya yanasemwa bila kuzungushwa. Mwanahistoria Maurice Beresford na mwanaakiolojia John Hurst walichimba pale kila kiangazi kuanzia 1950 hadi 1990, wakitafuta maisha ya watu wa kawaida: walikula nini, waliugua nini, walilala wapi. Kwa hilo nawavulia kofia.

Mimi ni mtu wa Malindi. Utotoni tuliambiwa Gede, mji wa kale ulio magofu karibu na kwetu, ulihamwa kwa sababu ya majini, basi. Tulipopelekwa na shule tuliwatazama kima kuliko kuta. Hakuna mwalimu aliyetusimamisha kwenye kile kisima cha kando ya msikiti mkuu, kilichoongezwa kina kwa kuwa maji yalizidi kushuka chini. Mji wenye nyumba za mawe, vyoo na vyombo vya Kichina ulikuwa unahangaika na maji! Na vita navyo havikuwa mbali. Mwaka 2024 UNESCO waliuingiza Gede kwenye Urithi wa Dunia, nami nilifurahi mno. Sasa watoto wetu waambiwe habari za kisima.

Ila linaloniuma zaidi si Gede. Ni kule kaskazini, Magarini, kwenye mashamba ya chumvi. Mwaka 2006 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilitoa ripoti juu ya mashamba hayo, na habari za watu kuondolewa kwenye ardhi yao zimo. Yorkshire ilikuwa sufu, kwetu ni chumvi. Kumtaja mwenye kondoo leo ni rahisi, kaburi lake limeshazeeka. Kwetu wahusika wangali hai, ndiyo maana midomo mizito.

Lakini na waliohamishwa wangali hai. Waingereza walichimba miaka arobaini kutafuta mambo ambayo mzee wa Gongoni au Marereni, huko Magarini, anaweza kukueleza jioni moja, mkiwa mmekaa mkekani. Kama una nyanya au babu wa huko, muulize kijiji kiliitwaje, mnazi wa nani ulikuwa wapi, nani amezikwa wapi. Mrekodi kwa simu, kisha uandike na tarehe.