Mdiria wa Emscher na choo cha Kigogo

Juzi asubuhi, nikiwa kwenye baiskeli kuelekea ghalani, nimemwona mdiria. Ndege mwenyewe hazidi ngumi, mgongo buluu ya kung'aa, katulia tawini juu ya mto Emscher hapa Dortmund, Ujerumani. Ghafla akajitupa majini, akaibuka na kisamaki mdomoni. Nikasimama kama mtoto aliyeona treni. Nikachelewa kazini dakika 6 na msimamizi akatazama saa kabla ya kunitazama mimi. Sijutii.

Samaki, jamani. Ndani ya Emscher!

Mzee wa ghorofa ya chini, mchimba makaa ya mawe mstaafu, ananiambia utotoni mwake mto huu ulikuwa na uzio na vibao vya kuonya kwamba ukiingia unakufa. Wenyeji waliubatiza Köttelbecke, yaani kijito cha vinyesi, na hawakuwa wanautukana, walikuwa wanaueleza tu. Mto una zaidi ya kilomita 80, na kwa miaka zaidi ya 100 ulikuwa mfereji wa wazi: vyoo vya Dortmund, Gelsenkirchen, Essen na Oberhausen, maji ya migodi, maji ya viwanda, vyote humo, katikati ya kingo za zege hadi mto Rhine. Kufukia mabomba ilishindikana kwa sababu migodi ilikuwa imeitoboa ardhi mpaka inadidimia, na bomba lolote lingekatika. Migodi ilipohamia kaskazini na ardhi ikatulia, kazi ikaanza mwaka 1992. Wakachimba bomba kuu la kilomita 51, kwingine mita 40 chini. Mwisho wa 2021 ndipo mto ulipoacha kubeba majitaka. Gharama: yuro bilioni 5 na nusu hivi.

Nami nilikuwa nadhani samaki wa mto mchafu wanauawa na sumu tu. Kumbe wengi hufa kwa kukosa pumzi. Kinyesi kikiingia majini, bakteria hushangilia, hula, huzaana, na katika kula kwao huimaliza oksijeni iliyomo. Ukikiondoa kinyesi, pumzi inarudi. Wanatangulia wadudu wadogo wa kwenye mawe, wanafuata samaki wanaowala, na nyuma yao anakuja mdiria. Hakuna aliyemleta kwa gari. Yule ndege ni risiti ya kazi iliyofanyika chini ya ardhi.

Sasa najua mnachoandika hapo chini. "Mbeba boksi kaona maji safi, anatuletea nyodo." Kweli nabeba boksi, na mgongo unaniuma, lakini nyodo sina. Tena nianze na wenyeji wangu hawa. Mwenzangu mmoja kazini, Mjerumani, alirudi kutoka mapumziko Zanzibar, akaniuliza kwa upole kabisa kama kwetu tunajua kutenganisha taka. Nikamwambia Tanzania tulipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, na ninyi mkaja Januari 2022, tena vijifuko vyembamba vya matunda mkajiachia. Nikamwambia pia kwamba mkoa huu huu wenye mdiria wangu ndio ulioruhusu kijiji cha Lützerath kibomolewe Januari 2023 ili kuchimba makaa ya mawe. Mjerumani mmoja anatoa tani 7 hivi za hewa ya ukaa kwa mwaka, Mtanzania hafikishi hata 1. Akanyamaza, akanipa nusu ya keki yake.

Na ile mashine ya kurudishia chupa, unaingiza chupa ya plastiki unapata senti 25, ambayo kila Mbongo akifika lazima aipige video? Sisi tuliokua na kreti za soda tunaijua hiyo biashara. Ukienda dukani kwa Mangi bila chupa tupu, soda unainywea pale pale umesimama, au unaacha hela. Tulikuwa nayo! Tukaiacha wenyewe plastiki ilipoingia, tukaita maendeleo.

Hapo ndipo hasira zangu zinapoanza, na ni hasira za mtu wa ndani. Mimi ni wa Kigogo, Dar es Salaam, mita chache kutoka mto Msimbazi. Mvua kubwa ya usiku ikianza, nyumba nyingi za mtaani kwetu hazikuwa zinalala. Zilikuwa zinatapisha choo. Unatoboa ukuta wa shimo upande wa mtaro, mvua inafanya iliyobaki, asubuhi shimo limepungua na kila mtu anamsalimia mwenzake kana kwamba hakuna aliyesikia harufu. Nimeshika koleo mimi mwenyewe nikiwa darasa la sita, mjomba akinimulikia tochi. Kwa hiyo anayetaka kuniambia nimeusahau uchafu wa nyumbani, mwenzako nimeuchimbulia njia.

Kile tulichokiachia Kigogo kilikwenda Jangwani. Tulichokipokea kilitoka Vingunguti na Tabata. Na wa Jangwani anapeleka Selander, mto unapoingia baharini, kwenye mikoko, ambako samaki wadogo hujificha wakikua. Mto ni mmoja, ila kila mtaa unajiona ndio mwisho wake.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema Wajerumani ni wastaarabu. Mzee wangu wa chini anacheka akisikia hivyo, na alivyokuwa akitupa vichungi vya sigara mtoni ananisimulia bila aibu. Tofauti ninayoiona ni ankara. Mwaka 1899 miji, migodi na viwanda vya bonde la Emscher vilijifunga kwenye chama kimoja cha kusimamia maji, mto wote, siyo kila mji na kipande chake. Mwenye kuchafua akawa analipa, na mwenye kuchafua zaidi analipa zaidi. Chama hicho hicho ndicho kilichougeuza mto kuwa mfereji wa zege, sifichi kitu, na ndicho kilichokuja kuusafisha. Ankara haikukatika katikati.

"Wao wana hela." Haya, wanazo, na walizipata kwa makaa yale yale. Lakini ankara ya 1899 haikungoja mabilioni ya leo. Kwetu ankara anapelekewa nani? Anapelekewa wa bondeni. Anapigiwa X nyekundu ya bomoabomoa ukutani, anaambiwa amejenga njia ya maji, na kweli amejenga. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 watu wakahamishiwa Mabwepande. Ila huko juu, vilima vya Pugu mto unakoanzia, miti inakatwa kwa mkaa, udongo unaoshwa, na matete ya bondeni ambayo yangekuwa sifongo yanafukiwa vifusi. Maji yaliyokuwa yanatembea sasa yanakimbia. Nyumba ngapi za huko juu zimepigwa X?

"Si kuna mradi?" Upo, wa bonde la Msimbazi, naufuatilia. Benki ya Dunia iliupitisha 2022, na daraja la Jangwani litayainua mabasi ya mwendokasi juu ya maji. Nimefurahi, nimewahi kukwama pale na suruali nimeikunja hadi magotini. Mimi naulizia tu mwenye shimo la choo uchochoro wa tatu, ambako gari la kunyonya majitaka halipiti. Huyo akikaa na shimo lililojaa Machi yote, unataka afanye nini?

"Basi rudi uje kusaidia." Hilo sina jibu lake, nimelizungusha tangu mdiria aruke.

Jana usiku mjomba kanitumia sauti WhatsApp. Shimo limefika juu, amepata vijana wenye pampu ndogo na mapipa wanaoweza kuingia uchochoroni, ila bei yao imepanda kwa sababu masika imekaribia na kila mtu anawatafuta. Nikatuma hela saa hiyo hiyo, nikamwandikia: mjomba, safari hii tusitapishe.

Asubuhi nimekuta jibu. "Nimepokea, baba. Vijana wamesema Alhamisi. Lakini huku wingu limefunga tangu alfajiri."