Migomo ya Uingereza 1911: serikali ilikuwa refa au ilikuwa timu ya matajiri?

Jumamosi ya tarehe 19 Agosti 1911 serikali ya Uingereza ilifanya mambo mawili ambayo ukiyaweka pamoja unabaki unajiuliza hawa jamaa walikuwa upande gani. Mchana kule Llanelli, Wales, wanajeshi waliopelekwa kulinda reli wakafyatua risasi baada ya wagomaji kuzuia treni, wakafa vijana wawili, John John na Leonard Worsell, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mfanyakazi wa reli. Usiku wa siku hiyohiyo huko London, Lloyd George aliyekuwa Waziri wa Fedha akafanikiwa kumaliza mgomo huo wa reli, baada ya kuwakalisha wawakilishi wa kampuni za reli meza moja na viongozi wa vyama vya wafanyakazi. Sasa hilo la pili unaweza kuliona dogo lakini kwa wakati ule lilikuwa kubwa mno, maana kampuni karibu zote (ukiitoa North Eastern) zilikuwa zimekataa miaka nenda rudi hata kukaa chumba kimoja na watu wa chama.

Ndo maana mabishano kuhusu kipindi hiki hayaishi. Kuna wanaosema serikali ya chama cha Liberal chini ya Waziri Mkuu Asquith ilikuwa serikali ya mabepari iliyovaa kofia ya huruma, na kuna wanaosema hapana, hawa walikuwa warekebishaji wa kweli waliokwama katikati. Pande zote mbili zina hoja, ila mi naona zote zinaruka kitu kimoja muhimu, nacho ni nani aliyelipa bili.

Tuanze na wanaosema serikali ilikuwa ya matajiri. Ushahidi wanao tele. Churchill akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani alisambaza wanajeshi maeneo mengi ya nchi wakati wa mgomo wa reli bila kusubiri mamlaka za miji ziombe, na utaratibu uliokuwepo ulitaka ziombe kwanza. Siku nne kabla ya Llanelli wanajeshi walishaua watu wawili Liverpool, na manowari ya kivita ilikuwa imeegeshwa mto Mersey. Mwaka uliofuata Tom Mann, kiongozi wa wafanyakazi, akafungwa kwa sababu ya waraka uliowaomba askari wasiwapige risasi wafanyakazi wenzao. Na mahakama nazo usizisahau, mwaka 1901 majaji wa House of Lords, mahakama ya mwisho kabisa, waliamua kwenye kesi ya Taff Vale kwamba kampuni ya reli inaweza kukidai chama cha wafanyakazi hasara iliyotokana na mgomo, chama kikalipa fidia ya paundi 23,000, ukijumlisha na gharama za kesi ikafika kama paundi 42,000. Yaani mgomo ulikuwa halali kwenye karatasi, lakini ukigoma unafilisika.

Upande wa pili nao wana yao. Hiyo Taff Vale, serikali ya chama hichohicho cha Liberal ndo iliyoifuta kwa sheria ya 1906, na waliifuta moja kwa moja kabisa, vyama vikapata kinga ambayo hata baadhi ya wanasheria wa Liberal wenyewe waliona imezidi. Mwaka 1909 ikaja sheria ya bodi za kupanga kima cha chini kwenye kazi ambazo watu walikuwa wananyonywa vibaya sana, 1911 bima ya ugonjwa na ya kukosa kazi. Na kwenye Bodi ya Biashara (hii ilikuwa wizara ya serikali) kulikuwa na George Askwith, msuluhishi ambaye kipindi kile alikuwa anatoka mgomo huu anaingia ule, leo makuli wa bandarini kesho viwanda vya pamba. Ukisema serikali nzima ilikuwa mfukoni mwa matajiri lazima utueleze huyu mtu alikuwa anafanya nini.

Lakini ngoja, hizo sheria nzuri hazikufanya kazi zenyewe. Angalia wanawake waliokuwa wanatengeneza minyororo Cradley Heath. Bodi mwaka 1910 ikawapangia peni mbili na nusu kwa saa, kwa wengi wao ilikuwa karibu mara mbili ya walichokuwa wanapata. Waajiri wakafanya nini? Wakatumia kipengele cha sheria kilichoruhusu kuchelewesha, wakawaletea karatasi wasaini kwamba wamekubali kuendelea na malipo ya zamani, na wengi hawakujua kusoma. Mary Macarthur, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wanawake, akawapanga, wakakomaa wiki kumi, ndo waajiri wakalipa. Sheria ilikuwepo kweli, ila bila wale akina mama kugoma ingebaki kwenye gazeti la serikali tu.

Sasa kwenye reli ndo pana utamu, hapa naomba tukae kidogo. Wafanyakazi wengi wa reli walikuwa wanapata kama paundi moja kwa wiki au pungufu, na bei za vitu zilikuwa zinapanda. Mwaka 1907 walitishia kugoma, Lloyd George (wakati huo yuko Bodi ya Biashara) akawatuliza kwa kuunda bodi za usuluhishi ndani ya kila kampuni, ujanja wake ni kwamba mfanyakazi anawakilishwa lakini chama hakitambuliwi. Kampuni zikafurahi. Wafanyakazi baada ya miaka michache wakaona zile bodi ni za kuwachelewesha tu, malalamiko yanazunguka miezi na miezi, na uamuzi ukishatoka unakufunga miaka. Kwa hiyo 1911 ilipolipuka ilianza chini kwa watu wenyewe, viongozi wa vyama wakawa wanakimbia nyuma kuwawahi, na karibu watu 200,000 wakatoka kazini.

Mabosi wa reli tuwape haki yao pia, maana kwenye hadithi hizi huwa wanachorwa kama mashetani na basi. Wao walisema reli inahitaji nidhamu, usalama wa abiria hauwezi kuamuliwa na katibu wa chama aliyeko ofisini London. Hoja hiyo mi naiona dhaifu, North Eastern walikuwa wanaongea na chama na treni zao zilitembea. Ila walikuwa na hoja nyingine nzito ambayo haitajwi sana, tangu sheria ya 1894 kampuni ilikuwa vigumu sana kupandisha nauli za mizigo, ukipandisha wafanyabiashara wanakupeleka mbele ya makamishna ujieleze. Kwa hiyo gharama zinapanda, bei huwezi kugusa, mwenye hisa anataka gawio lake, unabana wapi? Kwenye mshahara na masaa. Aliyefunga bei alikuwa ni Bunge, halafu Bunge hilohilo linashangaa mishahara midogo.

Na hapa ndo utaona mgomo uliishaje kweli. Lloyd George aliwatisha kidogo kwa vita, maana kulikuwa na mgogoro na Ujerumani kuhusu Morocco, ila uzalendo peke yake haukutosha, serikali iliwaahidi wenye reli kwamba itawaruhusu kupandisha nauli za mizigo kufidia mishahara, na ahadi ikatimizwa kwa sheria ya 1913. Wafanyakazi wakapata kidogo, kampuni hazikupoteza sana, bili akapelekewa mteja mwenye mzigo ambaye hakuwepo chumbani. Refa gani huyo anayemaliza mechi kwa kuwatoza mashabiki?

Simlaumu sana Lloyd George lakini, angefanyaje. Miji ilikuwa inakaribia kukosa chakula. Ninachosema ni kwamba serikali ile haikuwa na upande kwa maana ya mapenzi, ilikuwa inaogopa treni zisimame, na ilitumia chochote kitakachozirudisha kwa haraka, bunduki hapa, nauli pale. Wafanyakazi wakalisoma somo hilo vizuri sana. Ukigoma kijiji kimoja unaletewa polisi, kama Tonypandy kwa wachimba makaa wa Wales 1910, ukisimamisha nchi nzima unaletewa Waziri Mkuu. Mwaka 1912 wachimba makaa ya mawe karibu milioni moja wakagoma wakidai kima cha chini cha shilingi 5 kwa zamu kwa watu wazima na 2 kwa vijana, na ndani ya wiki chache Bunge likapitisha sheria ya kima cha chini. Ila soma vizuri, kwenye sheria hiyo zile 5 na 2 hazimo, viwango vikaachiwa bodi za wilaya. Wachimbaji wengi walipiga kura kuendelea kugoma, tatizo haikufika theluthi mbili, wakarudi migodini wamenuna.

Huku kwetu hayo yalifika yakiwa yamepunguzwa. Mwaka 1930 Sidney Webb, mwandishi maarufu wa historia ya vyama hivyohivyo na wakati huo Lord Passfield, Waziri wa Makoloni, aliandikia makoloni kwamba vyama vya wafanyakazi viruhusiwe, ila visajiliwe kwa lazima, na visimamiwe visije vikaangukia mikononi mwa wachochezi. Tanganyika ikapata sheria yake 1932, Kenya 1937. Kwao Uingereza usajili ulikuwa hiari. Mombasa ilipogoma Januari 1947, serikali ya kikoloni iliunda baraza la usuluhishi chini ya jaji Thacker, mishahara ikaongezwa, na mwaka huohuo Chege Kibachia aliyeongoza shirikisho la wafanyakazi akakamatwa na kupelekwa uhamishoni Baringo.