Maiti wa Lindi Ndiye Mimi Hapa

Nimeona nijitokeze mwenyewe, maana Mudi, mmoja wa walioshuhudia, keshaizungusha mji mzima habari ya maiti aliyeonekana ufukweni, na kwenye simulizi yake eti nilishaanza kuoshwa. Sikuoshwa. Tusizidishiane chumvi. Nilifunikwa kanga tu.

Mnaonifuata humu mnaujua ugonjwa wangu: macho ya ndege. Ndege awe mzuri vipi, kama jicho halina ile nukta ndogo ya mwanga, picha imekufa, unatazama manyoya yaliyojazwa pamba. Na nukta hiyo huipati saa sita, jua likiwa utosini. Unaipata asubuhi, jua liko chini, linakupiga mgongoni, nawe umejilaza mpaka jicho lako lilingane na la ndege. Sasa pigeni hesabu. Kwetu Lindi mjini jua linachomoza upande wa maji, huko Kitunda, ng'ambo. Ukitaka likupige mgongoni, visigino unaipa bahari na kichwa unakielekeza mjini. Yaani unalala kama mtu aliyeletwa na maji. Hilo sikuliwaza. Niliwaza mwanga.

Ilikuwa bamvua, saa moja asubuhi, maji yanakupwa mbio na kuacha tope linang'aa. Nikalala kifudifudi. Ili ndege wasinishtukie, nikajifunika gunia la korosho kuanzia kichwani hadi kiunoni, lenzi ikachungulia mbele. Miguu na kaptura vikabaki nje. (Kaptura ilikuwa imechanika nyuma. Mudi hilo hakulisahau.)

Nusu saa sikutikisika. Akaja yangeyange. Mweupe pee, miguu myeusi, vidole vya njano kama kavaa soksi za kuazima. Anatikisa mguu mmoja topeni, uduvi wakishtuka anadona. Hatua tano. Nne. Jicho la njano, mboni nyeusi tii. Lakini kila nikibonyeza, ule utando wao, kope ya tatu, unapita, jicho linakuwa jeupe kama la samaki wa juzi. Picha kama arobaini, zote kipofu. Nikasema moja tu, niondoke.

Ndipo nikasikia nyuma yangu: "Inna lillahi. Mtoto wa nani huyu?"

Kina bibi waendao kuokota tondo, wale konokono wa pwani.

"Si wa huku. Wa Kitunda huyu."

"Mbona hajavimba?"

"Mpya huyo."

Mtaniuliza kwa nini sikuinuka. Ndugu zangu, yangeyange alikuwa amesimama wima, kageuza kichwa, nukta ya mwanga imetua pale pale juu ya mboni! Nikajiambia watapita. Mara kitu chenye unyevu kikanitua makalioni. Kanga. Stara ya marehemu. Na kwa hali ya ile kaptura, nisiwafiche, nilifarijika.

Kisha gunia likainuliwa pembeni, taratibu, kwa adabu. Mkono ukaingia. Baridi, vidole vimekunjamana kwa maji, unanuka chumvi na tondo. Ukapapasa shavu. Ukapanda. Jicho la kushoto ukalikuta limeshafumbwa, maana ndivyo ninavyolenga, ukaridhika. Ukavuka pua kwenda kulifumba la kulia. La kulia limebanwa kwenye kamera, liko wazi, na kwa vile limeguswa, likapepesa. Kope zikamchezea bibi kidoleni.

Mkono ukaganda. Na mimi nikaganda. Hapo ningeweza kusema lolote. "Niko hai." "Napiga picha." Malezi yakanitangulia.

"Shikamoo, bibi."

Marahaba sikuipata. Nilipata ndoo nzima ya tondo kichwani, na yowe ambalo naamini Kitunda walilisikia. Watu waliokuwa wakingoja kivuko wakaja mbio kusaidia, wakaniona nimeinuka, kanga kiunoni, gunia kichwani, wakarudi mbio zaidi. Mudi alikuwemo, na simu yake.

Yaliyobaki ni mafupi. Mjumbe akaitwa, nikaeleza habari za nukta ya mwanga, hakuna aliyeelewa. Nikaokota tondo moja moja mpaka ndoo ikajaa. Kanga nikaifua nikairudisha. Lenzi imeingia tope, ukiizungusha inasaga kama kinu.

Picha ipo. Nilibonyeza pale pale mkono uliponigusa, wala si kwa kukusudia. Jicho kali, nukta ipo, utando haupo. Ila hanitazami mimi. Kainua kichwa, anamtazama bibi.

Jana nimekutana naye sokoni, kabeba kikapu. Nikaamkia kwa mbali, kwa tahadhari. Hakujibu. Akaweka kikapu chini, akanishika kidevu, akanigeuza uso kuelekea jua, akachungulia jicho moja, akachungulia la pili.

"Marahaba," akasema.