Ada si tatizo, tatizo ni siku

Mdogo wangu ni fundi seremala Keko, Dar es Salaam. Huu ni mwaka wa kumi na nne anapiga randa. Mpe mbao za mninga na vipimo vya chumba chako, utaletewa kabati ambalo milango yake inafunga kimya, bila kukwaruzana. Mwaka jana alikosa kazi ya vitanda vya bweni, vitanda vingi, kazi ya miezi. Mwenye kazi alitaka cheti, naye hana.

Alinipigia siku ileile. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza natoka darasani, huku magharibi mwa Ujerumani, mwanafunzi wa miaka 38 mwenye mtoto wa chekechea. Nikamjibu harakaharaka, kama tunavyojibu sisi tulio mbali: si uende chuo cha ufundi cha VETA? Ada ya kutwa ni shilingi 60,000 kwa mwaka, hata mimi naweza kukutumia. Nyuma yake nilisikia msumeno unalia. Akasubiri unyamaze, akasema: "Dada, ada naiweza. Nikikaa darasani, hawa watoto nani atawalisha?"

Sikuwa na jibu, na kilichoniuma zaidi ni kwamba mwenyewe nilikuwa nasoma kwa sababu kuna mtu alishalijibu swali hilo kwa niaba yangu.

Nilipohamia huku nilifanya kazi ya ghala miaka mitano. Unachukua bidhaa kwenye rafu, unaziskani, unazipanga kwenye paleti, na skana mkononi inakuhesabia dakika. Mkataba wangu ulikuwa wa muda, kupitia wakala. Ulipokaribia kuisha nikaenda kujiandikisha kwenye ofisi ya ajira, maana sheria inataka uende miezi 3 kabla. Mshauri akaniuliza fani yangu ni ipi. Sina, nikamwambia, niliishia kidato cha nne. Kwa sheria ya hapa, mtu asiye na fani, au mwenye fani lakini amefanya kazi isiyohitaji ujuzi kwa zaidi ya miaka 4, anaweza kulipiwa asomee fani nzima hadi mtihani wa mwisho. Wanatoa vocha, wenyewe huiita Bildungsgutschein. Nilipewa ya miaka 2, kusomea kazi ya ghala na usafirishaji wa mizigo, ambayo kijana anayetoka shule huisomea kwa miaka 3.

Vocha ililipa chuo. Hilo nililitarajia. Nisichokitarajia ni yaliyofuata. Nikiwa darasani niliendelea kulipwa posho ya asilimia 67 ya mshahara wangu wa mkononi, kwa kuwa nina mtoto; asiye na mtoto hupata 60. Nauli walirudisha. Gharama ya kumwacha mtoto nikiwa darasani wanachangia hadi yuro 160 kwa mwezi. Na tangu Julai 2023 kuna yuro 150 za ziada kila mwezi kwa anayesomea fani kamili. Ukifaulu mtihani wa katikati unapewa 1,000, ukifaulu wa mwisho unapewa 1,500. Naona kama walioitunga sheria hii walijiuliza mtu wa kipato cha chini huacha shule lini: ni pale kodi inapodai na rafiki anampigia kumwambia ghalani wanaajiri. Mimi simu hiyo niliipokea. Nilikuwa nimezoea kama yuro 1,500 mkononi, sasa napata kama 1,150, na mwaka ule hatukununua hata viatu ila vya mtoto. Lakini sikuacha.

Sisemi huku ni peponi. Vocha si haki ya kila aombaye, mshauri ndiye anayeamua, na bila Kijerumani cha kutosha huendi popote. Nimeona Waafrika wenzangu wenye akili kunizidi wakizeeka kwenye rafu zilezile.

Sasa watu wa nyumbani huniambia: wale ni matajiri. Nami huwauliza kama wanajua fedha hiyo inatoka wapi. Karibu kila mfanyakazi hapa hukatwa asilimia 1.3 ya mshahara kwa bima ya ukosefu wa ajira, na mwajiri anaweka 1.3 nyingine. Jumla 2.6. Tanzania tuna tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, ambayo waajiri wenye wafanyakazi kuanzia 10 hulipa kwa serikali. Mwaka 2013 ilikuwa asilimia 5 ya mishahara yote, na 2023 ikashushwa hadi 3.5. Jina lake ni ujuzi, lakini sehemu yake kubwa imekuwa ikienda kwenye mikopo ya elimu ya juu. Siwaonei wivu wanachuo, wengi ni watoto wa maskini kama sisi. Ila angalia: mwanachuo akipata mkopo anapewa ada na anapewa bumu, yaani hela ya kujikimu, kwa sababu nchi nzima tumekubali kwamba msomaji lazima ale. Fundi wa darasa la saba mwenye watoto watatu, yeye hali?

Najua upo mpango wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mtaani. VETA huwapima, huwafundisha wanachopungukiwa, huwapa cheti. Huo ni mpango mzuri kuliko yote niliyoisikia, nami ningeuongezea kitu kimoja: zile siku za mafunzo fundi alipwe. Fundi wa Keko hulipwa kwa kazi aliyoimaliza, hana likizo, na mteja akikuta benchi lake tupu anahamia la jirani. Tuseme wiki sita. Mlipe hela ya kula ya siku hizo kutoka SDL, hata iwe mkopo atakaourejesha kidogokidogo. Ile mikopo ambayo halmashauri huitoa kutoka asilimia 10 ya mapato yake inanunua mashine, lakini haimpi fundi nafasi ya kujifunza kuitumia.

Nilifaulu mtihani wa mwisho majira haya ya joto. Zile yuro 1,500 zilipoingia, 400 nilimtumia mdogo wangu, na nikamwambia waziwazi kwamba si za mbao wala za kodi ya kibanda. Ni za siku. Alijiandikisha kozi fupi ya kusoma michoro na kutumia mashine za kisasa, akamwachia benchi kijana wake. Wiki iliyopita alinitumia picha ya daftari: kabati limechorwa kwa penseli, mbele, ubavuni na juu, vipimo vyote kwa milimita. Chini ameandika, "Wiki ya nne, dada. Watoto wamekula."