Eti gwaride haliwahusu

Wiki iliyopita tulikuwa tunapanga pikiniki ya Agosti kwenye grupu letu la WhatsApp, lile la Waswahili wa Chicago, Mtanzania, Mkenya na Mkongomani humo humo. Tarehe iliyopendekezwa ikawa Jumamosi ya pili ya mwezi. Nikaandika: jamani, siku hiyo kuna gwaride la Bud Billiken, tusogeze iwe Jumapili. Kaka mmoja, mtu mzima na heshima zake, watoto wake watatu wote wamezaliwa hapa hapa, akajibu: "Hilo ni la Wamarekani weusi. Halituhusu." Zikamiminika emoji za vicheko. Niliweka simu chini nikaenda kuosha vyombo, maana ningejibu saa ile ningetolewa kwenye grupu.

Sasa najibu.

Halituhusu, sawa. Ila Machi mto ukimwagiwa rangi ya kijani kwa ajili ya mtakatifu wa Waairishi, tunahusika: foleni darajani kupiga picha, meno yanagongana kwa baridi. Ndege za kivita za maonyesho zikinguruma juu ya ziwa mwezi huo huo wa Agosti, tunahusika, ingawa jirani yangu mama wa Kikongo siku hizo hufunga madirisha yote na kuongeza sauti ya redio, na nani amlaumu. Marathoni ya Oktoba ndiyo usiseme. Mwaka 2023 Kelvin Kiptum alipoimaliza kwa saa mbili na sekunde 35, rekodi ya dunia, mimi Mtanzania nilikuwa Mkenya kuliko Wakenya. Sauti ilinikauka siku mbili. Tunajua kabisa kutoka nje tukitaka.

Gwaride lenyewe lilianza mwaka 1929. Robert Abbott, mwenye Chicago Defender, gazeti la Wamarekani weusi, aliwafanyia watoto sherehe, wakiwemo wale waliokuwa wakimuuzia gazeti lake mitaani. Bud Billiken hata si mtu, ni jina la kubuni la ukurasa wa watoto. Gazeti hilo ndilo wahudumu wa treni walilipenyeza majimbo ya kusini, watu wa Mississippi wakalisoma, wakafunga virago, wakaja. Wakaacha shamba na makaburi ya wazee wao kwa sababu ya habari ya kusikia kwamba huku kuna kazi. Mnamfahamu mtu mwingine aliyefanya hivyo? Mimi namwona kila nikinyoa ndevu.

Na hiyo pikiniki tunaifanyia wapi? Ufukwe wa mtaa wa 31, kama kila mwaka. Tarehe 27 Julai 1919, si mbali na tunapowasha mkaa, kijana wa miaka 17 aitwaye Eugene Williams alikuwa majini na wenzake, na chelezo chao. Wakavuka mpaka ambao haukuwa na kamba wala kibao, upande wa wazungu. Mzungu mmoja akawa anawarushia mawe. Eugene akazama. Polisi aliyekuwepo akakataa kumkamata mrusha mawe, mji ukawaka karibu wiki nzima, wakafa watu 38, weusi 23. Leo tunatandika kanga pale pale, tunageuza nyama, mtoto anaingia majini popote anapotaka, halafu tunasema hawa watu na mambo yao hayatuhusu.

Nakubali, gwaride ni refu mno, wanasiasa hutangulia mbele kama sherehe ni yao, na jua la King Drive, barabara linakopita, halina huruma. Wapo pia Wamarekani weusi wanaotuuliza kama nyumbani tulifuga simba. Haya. Na sisi tunayowaambia watoto wetu kuhusu wao mezani, tuyaandike hapa? Tuache. Lakini mtoto wako akisimamishwa na polisi usiku, hataulizwa kama baba yake ametokea Moshi au Mississippi.

Mimi nilienda mara ya kwanza mwaka juzi. Viti vya kukunja vimepangwa ukingoni mwa barabara, moshi wa mbavu umetanda, watoto wana nywele zilizosukwa jana yake. Wakapita South Shore Drill Team, kikundi cha vijana wa kucheza gwaride. Binti mmoja akarusha bunduki ya bandia juu, ikazunguka mara tatu, akanyoosha mkono akaidaka huku anatazama mbele, kama mtu anayepokea chenji. Nilipiga kelele kuliko siku ya Kiptum.

Bibi mmoja aliyekuwa amekaa kivulini akanisogezea kiti. Nilijikuta nimepokea kwa mikono miwili, nikakaribia kumwamkia shikamoo. Akaniambia mama yake alishuka kutoka Mississippi kwa treni, ana sanduku moja. Akaniuliza nina muda gani hapa Chicago. Nikamwambia miaka saba.

"Miaka yote hiyo," akasema, "ulikuwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikala mbavu zake.

Jana usiku nimerudi kwenye grupu nikaandika kwa adabu zote: Jumamosi, saa nne asubuhi, King Drive, kila mtu na kiti chake, pikiniki baada ya hapo. Wamesoma watu arobaini na kitu. Yule kaka ndiye pekee aliyejibu mpaka sasa:

"Paking ipo?"