Rhoda Penmark: Damu au Malezi?

Mtoto wa nyoka ni nyoka. Ukiisoma The Bad Seed ya William March kwa haraka, utadhani hoja yake yote ndiyo hiyo. Riwaya hii ya Kimarekani ilitoka mwaka 1954, mwandishi akafariki mwezi mmoja hivi baadaye. Rhoda ana miaka 8, nadhifu, mwenye adabu. Claude Daigle wa darasani kwake anapata medali ya mwandiko ambayo Rhoda alishaihesabu kuwa yake. Siku ya pikiniki ya shule, Claude anakutwa amekufa majini na medali haionekani. Baadaye Christine, mama wa Rhoda, anagundua kuwa yeye mwenyewe ni mtoto wa kulelewa, na aliyemzaa ni Bessie Denker, mwanamke aliyeua watu wengi.

Wanaoikosoa wana pa kusimamia. Kama ukatili hurithiwa, mbona Christine, bintiye Denker hasa, ni mtu laini kiasi kile? Jibu kwamba umeruka kizazi ni kiraka tu. Isitoshe, imani hiyo iliumiza watu halisi: mwaka 1927 Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu majimbo kuwafunga uzazi watu walioitwa wa ukoo mbovu, na mwaka 1954 sheria za namna hiyo zilikuwa bado zinatumika.

Watetezi hujibu kwamba nadharia ya damu imo kwa ajili ya Christine. Akishaiamini, anajiona yeye ndiye aliyeleta sumu nyumbani, na hapo hawezi tena kumwambia mtu kwamba Rhoda ni muuaji. Nakubali nusu tu, maana March hakumpa Rhoda jeraha lolote la utotoni, kwa hiyo msomaji naye habakiwi na maelezo mengine.

Lakini sehemu inayotisha kuliko zote haihitaji bibi muuaji. Viatu vya Rhoda vina vyuma vya nusu mwezi kwenye soli, na maiti ya Claude ina alama za umbo hilohilo. Rhoda anapokiri kuwa alimpiga navyo, mama anamwambia avitie kwenye tanuri la taka. Uamuzi wa dakika moja, na ni wa Christine, si wa damu. Leroy, mfanyakazi wa jengo, anapojigamba kwamba viatu anavyo, Rhoda anachukua kiberiti na kumchoma akiwa amelala juu ya maranda ya mbao.

Filamu ya 1956 ilimmaliza Rhoda kwa radi, kwa sababu kanuni za Hollywood hazikuruhusu muuaji asalimike. Radi! Kitabuni Christine anampa mtoto vidonge vya usingizi akimwambia ni vitamini, kisha anajipiga risasi. Mlio unawaleta majirani, nao wanamwahi Rhoda. Baba anarudi safarini, na wafariji wanamwambia ashukuru, angalau binti yake amebaki.